Mwandishi Mmoja, Mikono Mingi: Wachoraji wa The Phantom na Nchi Waliyoichora

Mwenyekiti, wachoraji wenzangu, walimu wa sanaa, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimepewa mada pana sana, ufundi wa katuni zinazodumu miaka mingi. Nikisema nizigusie zote tutakesha, na hakuna atakayeondoka na kitu mkononi. Kwa hiyo nimechukua moja tu, The Phantom, na nimezipanga kurasa zake ukutani mbili mbili ili mzione zikiwa bega kwa bega. Ilianza kutoka katika magazeti ya Marekani tarehe 17 Februari 1936 na bado inatoka. Aliyeitunga ni Lee Falk, kijana wa St. Louis, Missouri, na aliendelea kuiandika hadi alipofariki Machi 1999. Miaka 63, kalamu ni moja. Lakini mikono iliyoichora ni mingi, na kila mkono ulikuwa na macho yake.

Ndiyo maana nimeichagua. Katika katuni nyingi mwandishi na mchoraji hubadilika pamoja, au ni mtu mmoja, kwa hiyo huwezi kujua uzuri umetoka wapi. Hapa mwandishi ametulia mahali pamoja kwa zaidi ya nusu karne. Kilichobadilika ni picha. Ni kama wimbo mmoja wa taarabu ulioimbwa na sauti tatu tofauti: maneno unayajua, basi sikio linabaki huru kusikia sauti.

Na jambo ninalotaka kulisema ni hili. Mchoraji wa katuni ndiye anayeamua hadithi inatokea katika nchi gani. Mwandishi anaandika "msituni, usiku". Msitu wa miti ipi, usiku wa giza kiasi gani, na watu wa msitu huo wana nyuso au hawana, hayo ni ya mchoraji. Falk aliandika nchi moja. Wachoraji wake wakatuchorea angalau tatu.

Kwa wasioijua hadithi, nitaieleza haraka. Mwaka 1536 meli inashambuliwa na maharamia wa Singh, nahodha anauawa, mwanawe anatupwa ufukweni na kuokolewa na watu wafupi wa Bandar. Kijana anaapa juu ya fuvu la aliyemuua baba yake kwamba yeye na uzao wake watapambana na uharamia na ukatili. Anavaa vazi la kubana na kinyago cha macho. Akifa, mwanawe anavaa vazi lile lile, na mjukuu vile vile, hadi huyu tunayemsoma, wa ishirini na moja. Watu wa nje wanadhani ni mtu yule yule asiyekufa, mzimu unaotembea. Anaishi katika Pango la Fuvu, ana mbwa mwitu na farasi, na akikupiga ngumi, pete yake inakuachia alama ya fuvu kwenye taya.

Pango lenyewe liko Bangalla, na Bangalla haiko kwenye ramani yoyote. Hadithi za mwanzo ziliiita Bengali na kuiweka upande wa Asia: vilemba, maharamia wenye jina la Kihindi, simbamarara. Taratibu ikasogezwa hadi ikawa nchi ya Afrika. India, ambako hadithi hizi zilianza kuchapishwa mwaka 1964 katika mfululizo wa Indrajal wa kampuni ya Times of India, wahariri waliigeuza jina ikawa Denkali, maana Bengal ya kweli ilikuwa pale pale kwao. Nchi inayohamishwa bara zima bila msomaji kulalamika ni nchi isiyoshikiliwa na ardhi. Inashikiliwa na wino. Sasa tuangalie wino wenyewe.

Falk alichora mwenyewe majuma mawili ya kwanza kama sampuli, kisha akamkabidhi Ray Moore. Moore alikuwa msaidizi wa Phil Davis katika katuni nyingine ya Falk, Mandrake, iliyoanza 1934. Tazameni ukurasa wa kushoto. Kitu cha kwanza kinachokupokea kwa Moore ni weusi. Si weusi wa kujaza nafasi iliyobaki. Ni weusi unaofanya kazi: nusu ya uso imezama, ukuta umelalia kivuli kirefu, mtu anachomoza kutoka gizani na huoni miguu yake iko wapi. Sogeeni karibu, hasa ninyi mnaojifunza brashi. Pale kivuli kinapokutana na mwanga hakuna ukingo mkali. Kuna vistari vyembamba vilivyoinama, vinaanza vinene ndani ya weusi na kuisha kama ncha ya sindano ndani ya weupe. Vistari hivyo ndivyo vinavyofanya vazi la Phantom lionekane limeshika mwili. Brashi ikitetemeka kidogo tu, mkono wa mtu unageuka gunia.

Na macho. Phantom hana mboni. Kuna nafasi nyeupe tu ndani ya kinyago. Falk alieleza kwamba wazo lilitokana na sanamu za Wagiriki wa kale ambazo macho yake ni matupu. Wazo ni la mwandishi, lakini ni Moore aliyelifanya litishe, kwa sababu aliuzunguka weupe ule kwa giza. Weka macho matupu kwenye picha yenye mwanga wa mchana, unapata mtu aliyefumba macho. Yaweke gizani, unapata mzimu.

Kuna jambo moja la historia linalonifanya nimheshimu Moore zaidi. Falk alipoanza hakuwa na nia ya kumficha huyu mtu msituni. Alikuwa na kijana tajiri wa mjini, Jimmy Wells, na mpango ulikuwa msomaji aje kugundua kwamba Jimmy ndiye Phantom. Katikati ya hadithi ya kwanza Falk akabadilisha mawazo. Akaiacha njia hiyo, akampeleka shujaa wake msituni na kumpa ukoo wa miaka mia nne. Katuni nyingine ingevunjika hapo. Hii haikuvunjika, na naamini sababu kubwa ni zile picha. Moore alikuwa tayari amemchora mtu ambaye huwezi kumjua. Mwandishi alipogeuza njia, giza lilikuwa limeshamtandikia.

Lakini niseme pia udhaifu wake. Moore alijua chumba, alijua sitaha ya meli, alijua gauni refu la jioni. Diana Palmer, mpenzi wa Phantom, kwake ni mrembo wa mjini hadi kwenye kisigino. Msitu hakuujua. Msitu wa Moore ni pazia: majani machache mbele, weusi nyuma. Na wenyeji wa msitu huo, mbali na Guran mkuu wa Bandar, ni miili isiyo na majina, kwa ule mtindo wa magazeti ya Marekani wa wakati huo wa kumchora mtu mweusi mmoja na kumrudia mara kumi. Nchi ya kwanza, basi, ni nchi ya ndoto mbaya. Ina hofu nzuri sana na haina wananchi.

Wa pili ni Wilson McCoy. Alikuwa msaidizi wa Moore, na katika miaka ya 1940, wakati wa vita na baada yake, kazi ikahamia kwake kidogo kidogo hadi ikawa yake kabisa. Aliishika hadi alipofariki 1961.

Najua mnachofikiri mkitazama ukurasa huu, maana nimeona vijana wawili watatu wakitabasamu. Watu wamesimama kama wanapigwa picha ya pasipoti. Mstari ni mnene, unene ule ule kuanzia paji la uso hadi kidole cha mguu. Vivuli vimekwisha. Ukimtoka Moore na kumwingia McCoy siku hiyo hiyo, unahisi kama mtu amewasha taa zote za nyumba. Wapenzi wengi wa katuni hii wamemdharau, na nimesikia wachoraji wazuri wakisema hakujua kuchora.

Mimi simo katika kundi hilo, na nitawaonesha kwa nini. Katuni ya kila siku haichorwi ili itundikwe kwenye fremu ya kioo. Inachorwa ipunguzwe, ichapwe kwenye karatasi ya gazeti, isomwe na mtu aliyesimama kituoni. Wakati wa vita karatasi iliadimika na magazeti yakaanza kuzibana katuni, na baada ya vita nafasi ile haikurudi. Huwa nawapa wanafunzi wangu zoezi: chukua ukurasa wa Moore na wa McCoy, vipunguze kwenye mashine ya fotokopi hadi fremu iwe ukubwa wa kiberiti, kisha irudufu ile nakala, na nakala ya nakala. Vile vistari vya Moore vinaungana na kuwa doa. Huoni tena mkono, huoni bastola. McCoy anabaki. Bado unajua nani amesimama wapi, nani ameshika nini, nani anamwangalia nani.

Hiyo si bahati. Huo ni uamuzi wa mtu aliyejua kazi yake inakwenda wapi. Na ilikwenda mbali. Australia jarida la The Phantom la kampuni ya Frew lilianza 1948. Sweden jarida la Fantomen lilianza 1950. Watoto wa nchi hizo katika miaka ya 1950 walikutana na Phantom kupitia mkono wa McCoy, na ukiwauliza wazee wao leo, wengi wanamtetea kwa moyo. McCoy anachora kama mtu anayemsimulia mtoto: anasema jambo moja kwa wakati, analisema wazi, anasubiri uelewe.

Alichopoteza ni hofu. Phantom wake hatishi. Ni baba mwema aliyevaa nguo za ajabu. Na kuhusu wananchi wa nchi ile, hakutusaidia. Mstari unaorahisisha kila kitu huwarahisisha zaidi wale ambao tangu mwanzo hawakupewa nyuso. Katika hilo siwezi kumtetea. Nchi ya pili ni uwanja wa michezo. Uko salama, unaeleweka, na wenyeji wamepangwa pembeni.

McCoy alipofariki, Bill Lignante alishikilia kwa muda, na mwaka huo huo wa 1961 akaingia Sy Barry. Hapa naomba tukae kidogo.

Barry alikuwa mpiga wino wa vitabu vya katuni, yaani anayepitishia wino michoro ya penseli, na ni ndugu mdogo wa Dan Barry aliyechora Flash Gordon. Aliikuta katuni ina miaka 25 na sura ya kizamani, akaikabidhi mwaka 1994. Miaka 33. Pigeni hesabu wenyewe: katuni sita kwa wiki, Jumatatu hadi Jumamosi, inakuja zaidi ya 10,000, achilia mbali kurasa za rangi za Jumapili.

Ili tumlinganishe kwa haki nimechagua kitu ambacho wote watatu walilazimika kukichora mara nyingi: ngumi. Moore mara nyingi anakuonesha matokeo. Mtu ameshaanguka, kiti kimepinduka, Phantom yuko nusu ndani ya kivuli. McCoy ananyoosha mkono kama fimbo, ngumi mwishoni, na adui anarudi nyuma wima kama ubao. Barry anaanzia miguuni. Tazameni kisigino cha nyuma kimeinuka, nyonga imegeuka kabla ya bega, bega kabla ya kiwiko. Uzito wa mwili mzima umepanda hadi kwenye pete. Na anayepigwa pia ana uzito. Shingo inageuka kwanza, mwili unafuata. Barry alijua mifupa. Huwezi kuchora hivyo kwa kukumbuka katuni nyingine ulizosoma. Lazima uwe umewatazama watu.

Na mtu anayewatazama watu hawezi kuishia kwenye ngumi tu. Barry alianza kuichora Bangalla mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Uganda ikafuata 1962, Kenya 1963. Falk naye alikuwa anasoma magazeti, na katika miaka ya 1960 Bangalla ikawa nchi huru yenye rais, Lamanda Luaga, ambaye kwa taaluma ni daktari, na yenye jenerali mpinzani, Bababu, mwenye kiu ya madaraka. Baadaye ile Doria ya Msitu, jeshi la polisi lililokuwa chini ya kanali mzungu, likapata kamanda mweusi, Kanali Worubu. Mji mkuu ukapata jina, Mawitaan, ukapata barabara, ofisi na majengo marefu.

Yote hayo yangeweza kuandikwa kwenye viputo vya maneno na yakabaki maneno. Barry aliyapa nyuso. Nina kipimo changu ninachokitumia kwa katuni yoyote inayomchora Mwafrika, nami nawapeni mkitumie: ziba maneno yote kwa karatasi, kisha uliza, je, naweza kumtambua huyu mtu katika hadithi ya mwezi uliopita na ya mwaka ujao? Luaga wa Barry unamtambua. Ana paji la uso lake, ana namna yake ya kusimama ndani ya suti, na anapochoka unaona amechoka. Worubu unamtambua. Hata Guran, aliyekuwapo tangu mwanzo na ile kofia yake ya kusukwa, kwa Barry ndipo anapokuwa mzee mwenye fikra, rafiki wa utotoni anayeweza kumpinga Phantom kwa kumtazama tu. Kwa mikono ya kabla yake, mtoe Guran kofia na unaweza kumpoteza katikati ya wenzake.

Nasema haya kwa furaha, lakini sitaki mtu atoke hapa akidhani Barry aliiponya hadithi. Kiini chake kiko pale pale: mzungu aliyekaa kwenye kiti cha enzi ndani ya pango, msitu mzima wa watu weusi ukimtii kwa karne nne na kuitegemea ngumi yake kupata amani. Kadiri Barry alivyowachora Waafrika wake vizuri zaidi, ndivyo swali lilivyozidi kuwa kali. Ukishamwona Rais Luaga kama mtu kamili, daktari, kiongozi aliyechaguliwa, huwezi kuacha kujiuliza kwa nini bado kuna mtu aliyevaa kinyago nyuma yake. Moore na McCoy hawakutulazimisha kuuliza. Barry alitulazimisha, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote ninayoweza kumpa mchoraji: picha zake zilikuwa za kweli kuliko hadithi aliyopewa.

Kumbukumbu za Asia nazo hazikufutika. Kuna kisiwa cha Eden ambako simba na simbamarara wanaishi pamoja na wamezoeshwa kula samaki. Msomaji wa huku kwetu anajua fika kwamba simbamarara si mnyama wetu. Barry anamchora kwa ufundi ule ule anaomchorea simba, manyoya kwa manyoya, na kwa muda unasahau kulalamika.

Kazi yake inayopaswa kusomwa na kila anayejifunza kupanga umati ni harusi ya Phantom na Diana, mwishoni mwa 1977, baada ya miaka zaidi ya 40 ya uchumba. Marais wamo, watu wa Bandar wamo, ndugu wa bibi harusi kutoka Marekani wamo, hata Mandrake amekuja. Katika fremu ndogo kama zile, mchoraji mvivu angechora vichwa vya duara nyuma na kumaliza. Mtazame Barry anavyowapanga: wageni waheshimiwa wameketi ili watu wafupi waonekane, na macho ya wote yanakuelekeza pale ambapo unatakiwa kutazama.

Nimesema "Barry" mara nyingi. Sasa nirekebishe picha, kwa sababu jambo hili linaniuma. Hakuna mtu mmoja anayechora katuni 10,000. George Olesen alimchorea Barry penseli kwa miaka mingi, na walikuwapo wasaidizi wengine, Andre LeBlanc na Joe Giella miongoni mwao. Jina lililochapwa lilikuwa moja. Msomaji aliyependa namna farasi anavyokimbia katika katuni fulani ya miaka ya 1970 hakuwa na njia ya kujua ni mkono wa nani aliokuwa anaupenda. Barry alipostaafu, Olesen akaendelea na Keith Williams akipiga wino katika katuni za kila siku, na Fred Fredericks akipiga wino zile za Jumapili. Ukiziweka kurasa za mwisho za Barry karibu na za kwanza za Olesen, tofauti ni ndogo mno, na sasa mnajua sababu.

Waliofuata nitawapitia kwa kasi. Graham Nolan alichukua Jumapili mwaka 2000, mstari wake ni safi na wa kuvutia. Paul Ryan akachukua katuni za kila siku 2005, baadaye na Jumapili. Alitoka kwenye vitabu vya mashujaa, na unaona anavyopenda kifua kipana na fremu yenye nafasi. Alifariki Machi 2016 angali kazini, na Mike Manley akaingia mara moja. Jumapili zikapita kwa Terry Beatty kuanzia 2012, kisha kwa Jeff Weigel kuanzia 2017. Kulinganisha hawa na watatu wa kwanza si haki kabisa, kwa sababu baada ya Falk mwandishi naye amebadilika. Mwenye kalamu kubwa baada yake akawa Tony DePaul, na hadithi zake ni ndefu, zenye huzuni na mashaka. Ile mizani niliyoisifia mwanzoni imeshasogea.

Lakini Manley lazima nimsimamishe. Mtazameni. Vivuli vimerudi. Alijifunza mwili kwa Barry na wenzake, sina shaka, lakini usiku wake ni wa Moore. Baada ya miaka 80 giza la mwaka 1936 limerudi kwenye ukurasa, safari hii kwa mtu anayejua pia kuchora uso wa kila askari wa Doria. Na kuna sababu ya kiufundi. Watu wengi sasa wanaisoma kwenye skrini, ambako weusi haufifii wala wino hautapakai. Lile tatizo la karatasi lililomfanya McCoy awe McCoy halipo tena.

Niongeze neno juu ya rangi. Phantom alizaliwa bila rangi; katuni za kila siku zilikuwa nyeusi na nyeupe, na Falk kichwani mwake alimwona wa kijivu. Ukurasa wa Jumapili ulipoanza tarehe 28 Mei 1939 akachapwa zambarau. Sweden wakamfanya wa buluu, Italia na Brazil mwekundu. Nchi hizo zilizoea hivyo, na mtoto wa Sweden ukimwonesha Phantom wa zambarau atakuambia huyo si yeye. Sweden haikuishia kwenye rangi. Tangu miaka ya 1960 wametengeneza hadithi zao wenyewe, na wachoraji kama Jaime Vallvé, Mhispania, na Kari Leppänen, Mfini, wakaichora Bangalla yao, nyingine tena.

Mbali zaidi, katika bonde la Wahgi, nyanda za juu za Papua New Guinea, wapiganaji walimchora Phantom kwenye ngao zao za vita. Walikuwa wanamsoma katika gazeti la Wantok, kwa lugha ya Tok Pisin. Ngao inakaribia urefu wa mtu, kwa hiyo Phantom akawa mkubwa kuliko kwenye gazeti lolote, amesimama uso kwa uso na adui, na maana yake inaeleweka bila maelezo: aliye nyuma ya ngao hii hafi. Walichukua kinyago, mkanda na fuvu, wakaacha pango, kiti cha enzi na msitu unaotii. Mimi ngao zile naziweka katika orodha ya wachoraji wa The Phantom, tena karibu na juu.

Sasa turudi nyumbani, maana najua swali linakuja. Sisi tuna katuni zetu zilizodumu. Wakenya wana Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechorwa na mkono ule ule kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Huyo hana cha kulinganisha, ila unaweza kumlinganisha Gitau kijana na Gitau mzee, na hiyo ni kazi nzuri kwa mwanafunzi anayetaka mada. Tanzania tuna wahusika wa jarida la Sani. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge: hawa wamepita katika mikono zaidi ya mmoja. Philip Ndunguru, aliyetoa sura nyingi kati ya hizo, alifariki 1986 angali kijana mdogo, na wengine wakaendelea kuwachora. Je, Lodi Lofa alinenepa? Mstari ulibadilika lini? Mtaa wanaokaa ulianza lini kuwa na nguzo za umeme, na ni nani aliyezichora wa kwanza? Hayo ndiyo maswali niliyomuuliza McCoy na Barry jioni hii, na kwa Bangalla, nchi isiyokuwapo, naweza kuyajibu kwa sababu katuni zake nyingi zimehifadhiwa na kuchapwa upya katika vitabu. Kwa mitaa ya Dar es Salaam, mji ambao upo na tunaishi ndani yake, siwezi, kwa sababu kurasa zetu zimefungia karanga na maandazi.

Kwa hiyo nina ombi. Mwenye Sani za zamani, au ukurasa wa Chakubanga kutoka Uhuru, au gazeti lolote lenye katuni ya Kiswahili, hata kama limechanika na nusu yake haipo, asilitupe wala asiliuze kwa kilo. Andika pembeni kwa penseli tarehe, kama unaikumbuka, na jina la mchoraji kama limo kwenye picha, na kama halimo waulize wazee waliofanya kazi viwanda vya uchapaji. Tutapiga picha kila ukurasa na kukurudishia gazeti lako. Wale vijana wawili waliokaa mlangoni wana daftari. Mtu akitoka awaandikie alicho nacho na namna ya kumpata. Na wachoraji mliomo humu mliowahi kumsaidia mtu kuchora bila jina lenu kuchapwa, naomba mwandike hilo pia: katuni gani, miaka gani, na mlichora penseli au mlipiga wino.